Tahir wa "Nani Anampokea?"

"Mama Adnan, huyu mzee wako ako na bibi mwingine huko Malindi?"

Asli wa nyumba ya pili alimuuliza mkeo Nuriya hivyo, mwaka ule mlipohamia Garsen kutoka Kipini. "Kila alfajiri nikitawadha namsikia ukutani. Uko? Umeamka? Leo uko zamu? Mimi mume wangu hata jina langu hulisahau mpaka chai ije."

Nuriya alicheka mpaka akakaa chini. Aliporudi ndani akakueleza, nawe bila kuondoa simu sikioni ukasema, "Mwambie niko nao kumi na mmoja, na wote wananisumbua."

Mwaka umetimia, Tahir, tangu sauti yako iondoke kwenye ukuta ule. Asli bado anatawadha pale pale. Anasema kimya chako kina kelele.

Kwa wasiojua, hao kumi na mmoja walikuwa hospitali na vituo. Ulikuwa karani wa rufaa kituoni Garsen. Hukushika kisu wala sindano. Kazi yako ilikuwa kujua. Mtu akigongwa na lori, au kiboko akimrarua mama shambani Kilelengwani, kituo cha karibu kitamfunga damu isitoke, lakini baada ya hapo apelekwe wapi? Hospitali gani leo ina daktari wa upasuaji? Wapi kuna damu? Mashine ya kupiga picha ya kichwa imetengenezwa au bado? Hayo uliyauliza kila siku baada ya swala ya alfajiri, mahali baada ya mahali, ukayaandika kwenye daftari lako la jalada la kijani. Mtu wa Bura akikupigia saa nne, jibu unalo tangu saa kumi na mbili.

Na ukaidi wako tunaukumbuka. Hukutaka kusikia "mlete tu." Uliuliza, "Nani anampokea? Nitajie jina." Mpaka mtu wa upande wa pili aseme mimi fulani nitakuwa mlangoni, ambulansi haikutoka. Caleb, dereva wenu, alikuwa akipiga honi na kulalamika: "Tahir, hii ni safari ama ni posa? Majina ya nini?"

"Nenda sasa," ulimwambia. "Bi harusi ana mtu wa kumpokea."

Jioni ulipiga tena kuuliza kama amefika. Chakula kilikupoa mbele yako. Nuriya akizoa sahani unasema, "Bado, bado, sijala," na simu iko begani, shingo imepinda. Hata shati zako zote zilichakaa bega la kushoto.

Huka, yule mfugaji aliyechomwa na pembe la nyati, bado analeta maziwa kila Ijumaa. Wiki zingine huuliza mlangoni, "Mzee ameamka?" Kisha hukumbuka, akaweka chupa chini na kutazama viatu vyake.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Ulikwenda Bura kwa pikipiki kuwabandikia watu wa zahanati namba mpya za simu. Daftari uliliacha mezani. Nuriya alikwambia, "Kitabu chako hiki," ukajibu ya leo unayo kichwani. Ukatoka na bismillahi. Mchana akalisogeza kidogo apate pa kuweka sinia la mchele.

Saa nane lori la mchanga likawagonga mkirudi. Mwendesha pikipiki alivunjika mguu. Wewe ulitupwa kando ya lami. Caleb alipofika alikukuta unapumua, damu kichwani, tumbo limeanza kuvimba. Akafanya kama alivyofanya miaka tisa. Alitoa simu akatafuta jina, akabonyeza, huku anakutazama.

Simu ikalia mfukoni mwa shati lako.

Kule kituoni, muuguzi Nelly alikuwa ameambiwa kuna majeruhi wa kichwa na tumbo, hajaambiwa ni nani. Naye akakupigia. Wa Bura wakakupigia. Polisi wa kizuizini akakupigia. Simu kumi na saba, Tahir, na zote hazikupokelewa. Kila aliyekuwa anakutafutia kitanda alikuwa anakuuliza wewe. Hakuna aliyekumbuka kupiga kwingine, maana miaka yote hiyo hakukuwa na kwingine.

Caleb akakupeleka hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Hatutaitaja, na hatuwalaumu. Daktari wao wa upasuaji hakuwepo. Walikufunga, wakakutundikia maji, wakaandika upelekwe mbele. Njiani kwenda mbele, alasiri, ukaitika wito wa Mola wako. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Sasa kuna jambo ambalo mkeo hajalisema kwa mtu mwaka mzima, na ameomba liandikwe hapa.

Siku ya tatu, wageni wakiwa bado ukumbini, Nuriya alifungua lile daftari. Alitaka kuona mwandiko wako tu. Akafungua ukurasa wa Jumatano. Ulikuwa umeandika jina la hospitali ile ile, na chini yake: "Daktari wa upasuaji hayupo mpaka Jumatatu. Majeruhi wote Malindi. Anapokea Bahiya."

Jina lilikuwepo. Bahiya alikuwa zamu tangu asubuhi, tayari kumpokea yeyote utakayempeleka. Na daftari lilikuwa pembeni ya sinia la mchele, karibu hivi kwamba mkeo alilifuta unga kwa upindo wa leso yake.

Alilifunga. Akalitia ndani ya sanduku la nguo zako, akafunga na sanduku.

Eda yake ya miezi minne na siku kumi alikaa na simu yako dirishani. Hakuipokea, hakuizima. Aliichaji. Wapo ambao habari ya msiba haikuwafikia, na kila alfajiri iliwaka na kulia, mara nyingine yeye akiwa kwenye sijda. Alimaliza swala, akakaa kwenye mswala akiitazama ikizunguka kidogo kidogo kwa mtetemo, mpaka inyamaze. Binti yako Fatma alimwambia, "Mama, tuitoe laini." Akasema, "Iache. Kuna mtu anaumwa." Lakini mkono haukwenda.

Kila mwanzo wa mwezi Caleb alikuja na ndizi. Alikaa barazani, hali, hanywi. "Mama Adnan," anasema, "ningegeuza gari upande ule mwingine tu. Upande tu." Na mkeo alimjibu, "Ni kudra ya Mungu, Caleb." Ni kweli, ni kudra. Lakini Nuriya alijua kwamba neno la kweli amelifanya pazia, na Caleb, Mpokomo wa watu, anarudi nyumbani amebeba peke yake mzigo wa wawili.

Huku nje kazi yako ilipasuka vipande. Nelly anajua watu wake watatu, wa Hola wanajua wao, wa Bura wao. Mwezi uliopita mama mmoja aliyeanguka kutoka kwenye trekta alizungushwa hospitali tatu kabla ya kupata mlango. Alipona, alhamdulillahi. Nelly alipomsimulia, Nuriya hakulala vizuri tena.

Juzi Alhamisi tulikusomea hitima. Walikuwepo mkeo Nuriya, watoto wako Adnan na Fatma, dada yako Kaltuma na mumewe Jibril, shemeji zako wa Kipini, Asli jirani yako, na Huka aliyekaa karibu na viatu na chupa yake ya maziwa. Hao ndio waliokuombea. Na pumzi zikiwemo, hakuna kati yao atakayeacha kukutaja.

Baada ya dua, Caleb, ambaye si wa dini yetu lakini alikaa kwa adabu mpaka amina ya mwisho, aliinuka aage. Nuriya akamwambia, "Ngoja, baba." Akaingia chumbani. Tukasikia sanduku likifunguliwa.

Alitoka na daftari la kijani na simu. Akamfungulia ukurasa wa Jumatano, akaweka kidole chini ya mstari. Caleb alisoma midomo ikicheza. Akarudia kusoma.

"Hii ilikuwa wapi siku hiyo?"

"Mezani kwangu," Nuriya alisema. "Ungenipigia mimi, ningekusomea. Nami ningeweza kukupigia, sikufikiri. Nikalificha. Mwaka mzima umeniletea ndizi nami nimekuacha uamini ni wewe."

Caleb alimtazama. Hakuna aliyejua atasema nini. Adnan alikuwa ameshasimama.

Ndipo simu ikalia, mkononi mwa mkeo. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nuriya hakuitazama hata jina. Aliinyoosha mbele yake, na Caleb akaipokea.

"Garsen hapa," alisema. Akasikiliza. "La, Tahir hayupo. Niambie mimi." Akasikiliza tena, akapapasa meza kutafuta kalamu. Fatma akampa ya kwake. "Usimwondoe bado. Mfungeni vizuri. Nani anampokea? ... Sitaki mlete tu. Nitajie jina."

Akaandika chini ya mstari wako wa mwisho, daftari likiwa gotini. Kisha akalitia kwapani, akavaa viatu mlangoni simu ikiwa begani, shingo imepinda upande wa kushoto, akatoka bila kutuambia neno lingine.