Arobaini ya Maimuna

Mboni, shika simu basi! Ndo natoka Magomeni, kwenye arobaini ya Maimuna.

Unakumbuka alivyokwambia, tangu ule uchungu wa kujifungua uliokawia, mkojo unavuja wenyewe, wala hausikii? Daktari kasema kibofu kimetoboka, asubiri kidonda kikauke ndo ashonwe. Kwa mumewe hawataki kulisikia hilo. Wanafukiza udi tu, kutwa.

Leo kavaa dera jipya, kakaa mkekani katikati ya wanawake, anajitahidi kucheka. Maulidi yakafika pale pa kusimama. Wote wakainuka, naye ikabidi.

Akainuka, Mboni.

Mkeka chapachapa! Dera limemganda miguuni. Kasida ikakatika.

Mama mkwe wake akadakia, "Mtoto huyo! Mtoto kamkojolea mama yake!"

Na hapohapo mtoto akalia. Nje. Barazani, mikononi mwa wifi yake!

Mtoto yuko nje shoga, na kila mtu kamsikia. Hakuna aliyecheka, bora hata wangecheka. Wakaanza kukusanya madera yao na kusogea, mmoja mmoja.

Maimuna hakulia. Akakaa palepale palipolowa, akasema taratibu, "Nileteeni mwanangu."

Akaletewa, akampakata.

Wageni wote wameshaondoka, yeye bado yuko palepale mkekani. Kila akiambiwa ainuke akaoge, anasema mtoto amelala, asije akamwamsha.

Mtoto yuko macho, Mboni. Anamwangalia tu mama yake.