Baba Lusekelo, Mkamwana Wako Anakimbia

Baba Lusekelo,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sikutaka mtu aniandikie, maana jambo lenyewe si la kupitisha kwenye kalamu ya jirani. Darasa la nne langu linatosha. Nikikosea utaelewa tu, uliishi na mimi.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua imenyesha, mpunga wa bondeni umesimama vizuri. Mdogo wako bado anakunywa. Paa la jiko nimelibadilisha, lile ulilosema kila mwaka utalibadilisha wewe. Haya, sasa nakuja kwenye jambo.

Mkamwana wako Tusekile anakimbia.

Hakimbizwi na mtu. Hakuna ng'ombe aliyepotea, hakuna mgonjwa. Anaamka alfajiri, anavaa raba, anajifunga kitenge juu ya suruali ya kubana, anakimbia mpaka huko, anageuka, anarudi pale pale alipotoka. Nikamuuliza, kwani umesahau nini huko? Ananijibu, "Ni mazoezi, Mama." Mazoezi! Mtu ameshinda na jembe, ameteka maji, amebeba kuni, halafu eti amekosa mazoezi.

Wako kundi zima, wanaita joging. Nesi wa zahanati yumo, anasema ni kwa ajili ya presha. Kijana wa bodaboda yumo, anasema kiti cha pikipiki kimemwotesha kitambi. Mwalimu wa shule ya msingi anasema anapunguza mawazo, kama vile mawazo ni mzigo wa mkaa utaanguka njiani. Mbele yao kuna kocha, mwanamume mzima na filimbi shingoni. Anawaambia leo polepole, kesho kasi, keshokutwa mpumzike, na wao wanamtii kuliko mchungaji. Wakimaliza wananyoosha miguu kwenye ukuta wa duka kama mbuzi wanaotaka kupanda mti, kisha wanapigana picha na jasho lao. Kuna mbio zitakimbiwa kule Matema, ndizo wanazojiandalia. Nikauliza mshindi anapata nini. Nesi akacheka, "Bibi, sisi hatuendi kushinda, tunakwenda kumaliza." Sasa ukiona watu wazima wanaamka gizani kwenda kutafuta kitu ambacho hawataki kukishinda, wewe huwezi kuuliza?

Mimi namtazama sana kocha yule. Mwanamume anayejua mke wa mtu amechoka siku gani si mtu wa kumpa kisogo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Ulipokuwa hai, Tusekile hakukimbia hata siku moja. Tumekuzika, vyombo vya matanga hatujarudisha vyote kwa wenyewe, raba zikatokea mlangoni. Nikajisemea, kumbe alikuwa anasubiri.

Na wewe ulivyomlindia heshima yake! Mchungaji aliposema mwiko wa baba mkwe na mke wa mwana ni mambo ya kale, ulimjibu kwamba ng'ombe wa mahari hakutoa yeye. Miaka yote hiyo mkaishi uani pamoja bila kuonana. Ukikaribia nyumbani unakohoa, yeye anaingia jikoni. Akikuona njiani anaacha njia na ndoo yake kichwani, anageukia majanini mpaka upite. Chakula chako nilikuletea mimi. Ulichomjua ni sauti tu, kupitia ukutani. Siku moja ukaniuliza, "Huyo anayecheka ndiye yeye?" Nikakwambia ndiye. Ukasema, "Anacheka vizuri."

Sasa mtu huyo huyo kaburini kwako hajakanyaga. Siku ya kuweka vigae walikuja wote, hata wale mliogombana nao mipaka. Yeye akabaki anapika. Kufagia hajafagia, ua hajaweka. Nikalitia moyoni.

Ndipo akaja Mama Tumpe, yule anayeuza usipa. Anapita barabara ile mapema akiwahi samaki Itungi. Akakaa, akanywa chai yangu yote, ndipo akasema: "Dada, wenzake wote wanapita barabarani. Mkweo akikaribia pale kwenye kaburi la marehemu, anaingia kwenye kakao peke yake. Anakuja kutokea mbele huko amelowa." Nikamuuliza nesi. Akasema wanajua, wanadhani anakwenda kuchimba dawa. Kila siku? Mahali pale pale? Kibofu gani hicho chenye saa!

Nikakagua kitenge chake kwenye kamba. Matope mpaka magotini, vishona nguo vimejaa kwenye pindo. Wenzake wana vumbi tu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nimeyaona mengi. Nikampigia Lusekelo huko Karonga alikokwenda kuuza mchele. Nikamwambia njoo Jumamosi, mkeo ana mtu kwenye kakao ya baba yako.

Mwanao akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akasema, "Nikikuta ni kweli, anarudi kwao Matema siku hiyo hiyo. Watoto wanabaki kwako, Mama." Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Usinitazame hivyo.

Lakini huyo mtu nilitaka nimshike mwenyewe. Juzi nikawatangulia, nikajibanza kwenye kakao nyuma yako, na fimbo. Nadhani uliniona. Umande umenilowesha, mbu wananila, nami nachungulia kama mwizi kwenye shamba la mume wangu.

Nikawasikia kwanza, wanaimba. Kocha mbele, nesi, kijana wa bodaboda anahema kama mvukuto. Tusekile katikati yao. Anakimbia vizuri, nisiseme uongo, hatui kwa kishindo. Walipokaribia kwako akapunguza mwendo, akatoka barabarani. Akafungua kitenge kiunoni akajifunika kichwa. Akainama, akageuza uso upande wa pili, akapenya pembeni mwa kakao, akashuka kwenye mpunga. Huko ni maji na matope, mguu ukazama, akaanguka kwa mikono. Akainuka. Akazunguka jaruba lote hivyo hivyo, ameinama, mpaka alipokuacha nyuma. Ndipo akapanda barabarani, akajifunga kitenge kiunoni tena, akawafukuza wenzake kwa mbio za ajabu.

Mtu hakuwapo. Nilipekua kakao yote na fimbo yangu. Panya tu.

Aliporudi nilimkalia mlangoni. Nikamwambia leo utanieleza, unamkimbia nani pale? Akatazama chini. Hawezi hata kukutaja. Akasema, "Mama, si yupo pale?"

Nikasema nani yupo?

"Yeye. Nitapitaje mbele yake mbio, na suruali?"

Baba Lusekelo, niliiweka fimbo chini. Kaburi hakuja kwa sababu hiyo hiyo! Mimi nikaona kiburi, na mwenzangu anaacha njia kwa ajili yako kama ulivyotaka, na wewe huna hata macho ya kumwona.

Sikumwacha hivyo, unanijua. Nikamuuliza, mbona basi ulisubiri afe? Hakuniongopea. Akasema wewe ulikuwa unakaa benchi la fundi baiskeli pale barabarani tangu alfajiri, angepita wapi? Alitamani siku nyingi. Nikasema, unatamani nini barabarani? Akasema, "Nikiwa nakimbia, Mama, hakuna anayeniita."

Nikataka kumjibu. Nikakumbuka kwamba humu ndani anayemwita ni nani, kama si mimi. Tusekile maji, Tusekile kuni, Tusekile mtoto analia. Nikamwambia aende akaoge, ananuka matope.

Kukuzunguka kunamchelewesha. Kocha amemwambia angekuwa wa kwanza kati ya wanawake wote wa kundi. Kocha huyo simwamini bado, nitaendelea kumtazama. Na kukimbia kwenyewe sijakuelewa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hizi zao sioni hata ukingo uko wapi. Ila sitaki aangukie mpunga kwa ajili yako. Atavunja mguu, na mguu ule ndio unaolima.

Kumfungulia mtu mwiko kulikuwa kazi yako, nawe uliondoka bila kuifanya. Wazee walivyofanya sijui, na wa kumuuliza hayupo tena. Kwa hiyo nitafanya vyangu, mimi mke wako, na kama kuna kosa nitakuja kulijibu huko huko.

Lusekelo sijampigia tena. Neno kama lile halifutwi kwa simu. Jumamosi nitamsubiri stendi mimi mwenyewe, kabla hajafika nyumbani na hasira zake. Nitamwambia mama yako aliona vibaya. Kisha nitalirudia mbele ya mkewe. Litanikaba, lakini nitalitoa.

Baada ya hapo tutakuja kwako wote watatu. Nitamshika Tusekile mkono, nitamvuta kama akikataa, na kitenge nitamvua kichwani mimi mwenyewe, ili umwone. Ni mweusi kama mimi nilipokuwa msichana. Mrefu. Ana mwanya, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, alianguka kwenye mawe ya ziwani akiwa mtoto. Nakwambia mapema usije ukamdhania ni mtu mwingine.

Ndaga, asante, mume wangu. Lala. Jumamosi tunakuja, ujiweke vizuri.

Mkeo,
Mama Lusekelo