Sekela na Upepo wa Ikinga

Mjukuu wangu Atupele,

Sisi huku Ikinga hatujambo, ila upepo wa juzi umelaza mahindi na kuangusha nguzo, na umeme hatuna tena. Uliniuliza kwa nini umeme ukikatika namshika mkono aliye karibu nami.

Nikiwa msichana, jioni moja upepo uling'oa paa letu, mdogo wangu Sekela akiwa hoi kwa surua. Kila mama alipowasha koroboi, ilizimika. Sekela akalia, "Mama, sikuoni."

Mama akaiweka koroboi chini, akamshika mkono. "Nipo, mwanangu." Mimi nikaushika ule mwingine. Sekela akatulia, akalala. Hakuamka tena.

Miaka mingi baadaye nilimsikia mama akimwambia jirani, "Hakutuona, lakini alijua tupo."

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako