Wimbo wa Mgongo Wazi

Muhuru Bay,
9 Juni 1995

Mpendwa dada Pauline,

…basi pale karatasi ya barua iliyopita iliponimalizikia nilikuwa bado naisifu sauti ya mume wangu. Lakini ngoja nikusalimu kwanza. Hujambo? Je, baridi ya Nakuru imewaachia watoto kifua? Mimi mzima, ila mkono mmoja umevimba. Utasikia kwa nini.

Dada, ndoa ni tamu! Miezi miwili sasa, na bado nikisikia hatua za Javan mlangoni moyo unaruka. Yeye ndiye anayewaongozea wimbo wapagazi wanaopakia samaki wa sangara kwenye lori la kiwanda cha minofu. Hapa hakuna anayeinua kreti kabla kiongozi hajatoa sauti. Wimbo wake unasema minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunaachiwa mgongo wazi, mifupa iliyokwanguliwa nyama yote.

Jumamosi tulimzika Onditi, mpagazi aliyepondwa na lori hilo likirudi nyuma. Javan akaimba kaburini. Desturi ya Wajaluo inamruhusu mtu yeyote kusimamisha wimbo ajitaje kwa sifa, na mwimbaji ni lazima amrudishie sifa hizo kwa wimbo. Akasimama Cephas, wakala wa kiwanda, amezungukwa na vijana wake wa chama tawala.

"Mimi Cephas, baba wa wapagazi!"

Javan wangu akamrudishia: "Cephas, baba wa wapagazi! Baba anayekula minofu, wanawe akawatupia miiba!"

Watu walicheka, hata mjane alicheka! Kicheko hicho kilituponza. Rungu la kwanza la vijana wale lilimpata Javan kinywani. Meno yale niliyoyapenda kabla sijampenda mwenyewe, niliyaona yamelala kwenye udongo wa kaburi. Walimwangusha, wakamkanyaga taya. Nilimpiga mmoja kwa mwiko wa ugali niliotoka nao jikoni hadi ukavunjika, mwenzake akanitandika mkono. "Aimbe tena tuone!" wakasema.

Jumatatu lori likaja. Wapagazi wakasimama kimya, mikono mitupu. Javan alikuwepo, uso umefungwa kitambaa.

"Mwimbaji wenu amekuwa bubu," Cephas akasema. "Haya, bebeni!"

Javan akaniangalia, dada, macho yale yale ya siku aliyonichumbia. Nikaanza kuimba mimi, Mkuria, ule ule wimbo wa minofu na miiba, kwa Kijaluo changu kinachochechemea.

"Imba, bibi arusi!" mzee mmoja akapaza sauti. "Wewe kosea tu, sisi tutarekebisha!"

Wote wakaitikia, lakini hakuna aliyeinua kreti; safari hii wimbo ulikuwa wa kugoma. Vijana wa Cephas wakatuvamia kwa marungu, wapagazi wakawapokea kwa makasia. Damu ilichanganyika na maji ya barafu. Wenzetu watatu bado wamelala na bandeji vichwani, na mmoja wa vijana wale hataona tena kwa jicho la kushoto. Lori liliondoka tupu, kioo kimevunjwa.

Sasa vijana hao wananitafuta mimi, lakini hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni taya la Javan. Daktari wa hapa anasema mfupa umepasuka, na usipofungwa waya upesi hatafungua tena kinywa kuimba. Ananiandikia maneno ya mapenzi kwenye vipande vya gazeti. Ni matamu, lakini mimi nataka kuyasikia.

Kwa hiyo tafadhali tuulizie hospitali hapo Nakuru. Msalimie shemeji Stanley, na umbusu Nchagwa mdogo kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Kabla mwezi huu haujaisha tutabisha mlangoni kwako, mimi na mume wangu. Tupikie uji mwepesi.

Mdogo wako anayekupenda mno,
Scovia