Silinda ya Pili

Jumapili jioni, Buffalo. Upepo wa mtoni umekuwa ukigonga madirisha tangu asubuhi na mawingu hayajaachia hata kidogo. Mama amelala kwenye sofa, redio inaongea peke yake. Mimi niko jikoni mezani, na kutoka hapa naliona gari langu limeegeshwa kando ya barabara, boneti imefungwa, limetulia kana kwamba halina kosa.

Nimelichoka. Leo nimesimama dirishani nikalisema kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili.

Acha niandike yote, labda hasira itapungua.

Gari hili nilipewa na kaka yangu Nestori, anayeishi Columbus. Ilikuwa Agosti, muda mfupi baada ya mimi kupata leseni, na niliipata kwa jaribio la tatu. Alilileta mwenyewe mpaka kwangu Okolona, kusini mwa Louisville, akaniwekea ufunguo mkononi mbele ya watu wa kanisa. Wakaniombea mimi, wakamwombea na yeye. Mama akawapigia simu ndugu wote kuwaeleza mwanawe ana moyo wa namna gani. Mimi nililia. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma sikuwahi kuwa na kitu kikubwa hivyo chenye jina langu.

Oktoba baridi ikaingia, na gari likaanza kumisi.

Nikiwasha asubuhi, injini inatetemeka kama kuna mtu anaitikisa kutoka chini. Taa ya injini inawaka na kuzima. Mlio unachechemea. Dakika mbili hivi, kisha linatulia na kwenda vizuri kutwa nzima. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na ninapoishi, kwa hiyo kila siku nilifika kazini gari limeshatulia na mimi bado natetemeka.

Na hapo ndipo palipokuwa na kero yenyewe. Nikilifikisha kwa fundi limeshapata moto, limekuwa mtakatifu.

Fundi wa kwanza aliunganisha kimashine chake akasema silinda ya pili haichomi sawasawa. Akabadilisha plagi zote nne. Baada ya wiki, tena. Wa pili akasema ni koili, akaweka mpya. Tena. Wa tatu akahamisha koili ya silinda ya pili kuipeleka ya tatu, aone kama tatizo litahama nayo. Halikuhama. Akasema basi ni nozeli ya mafuta, akabadilisha. Asubuhi iliyofuata nimekaa kwenye usukani natikisika kama niko kwenye mashine ya kusaga.

Wote watatu waliniuliza kama najua kuangalia oili. Wote waliniuliza polepole, kama mtu anayeongea na mtoto.

Hakuna aliyekubali kulilaza gari kwake na kuliwasha asubuhi likiwa baridi. Niliomba. Niliomba kwa adabu, nikaomba tena bila adabu.

Nestori naye nilimpigia mara nne au tano. Kila mara nilianza kwa kumshukuru upya, ndipo nikagusia ule mtetemo. Kila mara alisema ni hali ya hewa, gari lenye umri lazima litetemeke asubuhi, nisiwe na hofu. Ninakiri hapa: nilikuwa naona aibu. Mtu akikupa gari, utaanzaje kulilalamikia?

Sasa safari. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Alipangiwa upasuaji mwaka jana, aliyeahidi kumpeleka hakutokea, siku ikapotea. Safari hii nikasema nitakuja Buffalo nimpeleke mwenyewe. Nikaomba likizo ya wiki moja, na Jumatano nikaondoka Louisville peke yangu. Sikuwahi kuendesha barabara kuu kwa zaidi ya nusu saa. Malori yalinipita huku na huku, mikono ikafa ganzi, lakini gari lilikwenda bila kosa mpaka Columbus. Nililala kwa Nestori. Nilipoamka Alhamisi nilimkuta nje na kandambili kwenye baridi, boneti iko wazi, akasema anaangalia oili. Nikamwona mtu mwema.

Jioni ya Alhamisi nilikuwa hapa mtaani Riverside, mlangoni kwa mama. Alinigusa uso kwa viganja vyote viwili kabla hajasema lolote.

Ijumaa asubuhi mama alivaa viatu vyake vya kanisani. Nikamkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikawasha. Halijawahi kutetemeka vile. Moshi mweupe ulitoka nyuma ukafunika nyumba ya jirani, una harufu tamu tamu, ya kuchefua. Nikajipa moyo kwamba litatulia. Tulifika kona ya kwanza likazima. Nikawasha, likazima. Tulipopata mtu wa kutubeba na kufika hospitali, tulikuwa tumechelewa karibu saa nzima. Dada wa mapokezi alisikitika kweli, lakini daktari alikuwa ameshaingia kwa mgonjwa mwingine. Tukapewa siku nyingine, baada ya wiki tatu.

Mama hakunilaumu. Njiani kurudi alisema tu, "Basi nitaendelea kukuona kama mtu aliye ndani ya ukungu."

Afadhali angenigombeza.

Mchana ule mama alimtuma mtu amwite Papa Byamungu, jirani wa nyumba ya pili. Ni Mkongo, mtu wa makamo, siku hizi yuko kiwandani, lakini Bukavu alikuwa fundi wa malori. Hakugusa kitu. Aliniuliza linaanza kutetemeka wakati gani na linaacha wakati gani. Miezi mitano, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Nilimweleza kila kitu mpaka harufu ya moshi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nisiliwashe. Walilisukuma na vijana wa jirani mpaka hapa mlangoni. Jioni akafunga pampu ndogo ya mkono kwenye rejeta, akaijaza presha, akaenda kulala.

Jana asubuhi alirudi, akafungua plagi zote nne akazipanga juu ya kitambaa.

"Bon, dada, angalia," akasema. "Hizi tatu ziko na masizi. Hii moja iko safi. Iko safi juu ya nini? Juu inaogaka kila usiku."

Ile iliyo safi kwa sababu inaoga kila usiku ilikuwa ya silinda ya pili. Akaniambia nizungushe injini hivyo hivyo, bila plagi. Nilipozungusha, tundu la pili likatema maji juu hewani, kama mtu aliyepaliwa. Maji ya rejeta. Gasketi ya kichwa cha injini imekatika mahali padogo, na gari likilala maji yanapenya taratibu mpaka ndani ya silinda. Asubuhi linatetemeka mpaka liyachome yote. Ndiyo maana lilikuwa zuri mchana.

Nilicheka. Miezi mitano naitwa mwoga wa baridi.

Lakini Papa Byamungu hakucheka. Alikuwa ameingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta akakitoa na uchafu wa kahawia, vipande vidogo vinavyong'aa. Akaniambia ile ni dawa ya kuziba mavujo, na imekaa humo muda mrefu. Akaniuliza nani aliiweka. Nikasema si mimi. Hakuuliza tena, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Nikaingia ndani ya gari, nikafunga mlango, nikampigia Nestori. Safari hii sikuanza na shukrani. Nikamweleza ile dawa.

"Nilijua," akasema. "Fundi wa huku aliniambia kabla sijakupa. Nikaweka dawa, ikaonekana imeshika. Nilidhani hutaenda nalo mbali, mdogo wangu. Kazini na kanisani tu."

"Niko Buffalo, kaka," nikamjibu, nikakata.

Hutaenda nalo mbali.

Kudanganywa nakufahamu. Kilichonichoma ni kwamba alifikiria vizuri kabisa, akapima maisha yangu, akaona gari bovu linayatosha. Kambini yeye alipelekwa shule, mimi nikabaki nyumbani, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Pengine bado ananiona nimekaa palepale. Na mimi nikamsaidia, kwa kumshukuru kila mara kabla sijafungua mdomo kusema kinachoniumiza.

Leo baada ya ibada jambo jingine limetokea, na nisipoliandika shajara hii itakuwa ya uongo. Mama mmoja Mrundi, amefika Buffalo juzijuzi tu na watoto wawili, amenijia. Amesikia nina gari limesimama na kwamba narudi Louisville kwa basi. Anaamka saa tisa za alfajiri kupata usafiri wa kiwandani. Akauliza kama naweza kumwachia gari, analihitaji jinsi lilivyo.

Nikaanza kupiga hesabu. Papa Byamungu anaweza kurudisha plagi, mchana litanguruma vizuri, nami nitaonekana mtu mwenye moyo. Niliuona uso wa yule mama ukianza kufurahi. Sikujua kwamba kudanganya ni rahisi hivyo.

Kisha nikamwambia yote, silinda ya pili, maji, dawa, siku ya mama iliyopotea. Alinishukuru kwa sauti ndogo akaenda zake, na nikajisikia vibaya kuliko kama ningemdanganya.

Alasiri Nestori alipiga. Alisema siku ya upasuaji atakuja yeye kumpeleka mama. Nikamwambia hapana. Nikamwambia alete gari lake hapa, hilo analoendesha yeye kila siku, aniachie ufunguo, abaki nyumbani apike uji wa mgonjwa. Akasema sawa.

Gari hili litabaki hapa. Papa Byamungu atafungua kichwa cha injini aone kama kimepinda. Kikiwa kimepinda, litakwenda kuwa chuma chakavu, na sitaliaga.

Kesho asubuhi napanda basi, nikifika nitabakiwa na siku moja ya likizo na nitailala yote. Baada ya wiki tatu nitarudi. Sijui kama nitakuwa nimemsamehe, na leo sitaki kujilazimisha kujua. Ninachojua ni nani atakayeendesha.