Fungua Mdomo Tu

Kagarama, Jumamosi jioni

Nilimuuliza Diane, mbele ya kwaya nzima, ni nani aliyeamua kwamba kinanda kiko sahihi na mimi ndiye niliyekosea.

Diane, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu chuoni, ndiye anayetufundisha nyimbo parokiani. Leo alisimamisha mazoezi akasema, kwa adabu, kwamba sauti yangu inashuka. Mtu mwingine angeipandisha tu. Mimi nilitoa mhadhara wa dakika kumi. Gaspard, fundi cherehani tunayeimba naye besi, akatafuta kiti.

Diane alingoja nimalize. "Profesa, naomba kesho kwenye misa usitoe sauti. Fungua mdomo tu."

Na wiki iliyopita ni mimi niliyemrudishia insha yake, nimeandika kwa wino mwekundu: jifunze kusikiliza kabla ya kujibu.

Niliumia, sikatai. Darasani huwa nawaambia kwamba bila muziki nisingekuwa mtu. Sasa muziki unaomba uendelee bila mimi.

Tulirudia wimbo, nikawa nafungua mdomo kama samaki. Ndipo nikasikia jinsi akina mama wanavyoingia polepole juu ya sauti ya Gaspard. Wimbo huo nimeuimba miaka sita. Sikujua kwamba ni mzuri hivyo.

Kesho baada ya misa nitamwambia Diane kwamba alikuwa sahihi. Nitajitahidi kuishia hapo, nisiongeze "lakini".