Mtakatifu Yuko Jikoni Kwetu

Mtaa wa Kisima,
Benamaruz,
Pwani ya Granada.
Julai 24, 2018.

Mpendwa mdogo wangu Eladio,

Salamu nyingi zikufikie huko Winnipeg, wewe na wifi yangu Colleen na watoto. Hamjambo? Kikohozi cha Teo kimekwisha? Na mgongo wako je, bado unakuuma ukiinama kwenye majiko ya mkahawa? Nasikia huko sasa nanyi mna jua. Lioteni vizuri kabla theluji haijarudi.

Sisi hatujambo kiasi. Shemeji yako Ginés anachechemea kwa lile goti lake na bado hataki kusikia habari za daktari. Lozi ni chache mwaka huu. Baba amefikisha miaka themanini na minne. Anakula vizuri, na kugomba anagomba vizuri zaidi.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu kwenye simu, kila nikifika kwa Baba, unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Soma mpaka mwisho, tafadhali, na wasomee watoto yale wanayostahili kuyasikia.

Nimechukizwa, Eladio. Sina neno la kistaarabu zaidi ya hilo.

Unaikumbuka hoteli waliyojenga chini ya mnara, ile inayojiita Kasri la Sultani? Bado nafanya kazi kule kwenye chumba cha kufulia, kwa hiyo sikuambii ya kusikia. Wageni wanajipaka mafuta ya jua mpaka mashuka yananuka nazi iliyochacha. Wanarundika sahani za kamba wa baharini na matikiti, wanaonja kidogo, halafu wanazima sigara ndani ya tikiti. Mlangoni wameweka ngamia wawili wa plastiki. Tangu lini Benamaruz ikawa na ngamia? Wamoro walituachia mifereji ya maji, milozi na mnara. Ngamia hawakutuachia hata mmoja.

Hayo nilikuwa nimeyazoea. Mtu akifua uchafu wa watu miaka tisa, pua hufa ganzi. Lililonitapisha ni la sikukuu.

Watoto wako hawajawahi kuiona sikukuu yetu, basi waeleze. Zamani za kale Waislamu tunaowaita Wamoro waliitawala pwani hii, kisha Wakristo wakaja wakaitwaa. Sisi tunalikumbuka jambo hilo kila mwaka siku ya Mtakatifu Sebastiani, kijiji kikigawanyika pande mbili. Wamoro humteka mtakatifu kanisani, yaani sanamu yake yenye mishale mwilini, wakakaa naye mnarani siku tatu. Siku ya tatu Mfalme wa Wamoro hutamka maneno ya kusalimu amri, hutoa upanga, na mtakatifu hurudi kwake kwa ngoma na fataki. Mfalme hutoka nyumba yetu tu, baba kwa mwana. Na yale maneno ya kusalimu amri hayaandikwi popote, na huko juu mnarani upepo huyachukua, walio chini wakasikia vipande tu. Mfalme humfundisha mrithi wake peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Wewe ulifundishwa ukiwa na miaka kumi na sita. Mimi nikatumwa nje kuchuma ndimu ambazo hakuna aliyezihitaji. Sijasahau.

Mwaka huu halmashauri imeihamisha sikukuu kutoka Januari kuja Julai, kwa sababu Januari wageni hawaogelei. Siku tatu zikawa saa moja na nusu, jukwaa likajengwa kando ya bwawa la hoteli, na mtakatifu akateremshwa kwa kigari cha kubebea masanduku. Baba alikubali. Nadhani alijua akikataa watamvika kilemba yule mchezeshaji wageni wa hotelini, Paco, anayecheza kwa kutikisa kiuno kila Alhamisi.

Meneja wa hoteli ni kijana wa Madrid anayeitwa Gonzalo, ana meno meupe na hana adabu. Alimfuata Baba kabla ya mchezo kuanza.

"Babu, maneno yako ni marefu mno. Wageni wana njaa. Nakupa dakika kumi tu usalimu amri, watu wakale."

"Kijana," Baba akamjibu, "Granada ya Wamoro ilipigana miaka kumi kabla ya kusalimu amri. Wewe unanipa dakika kumi?"

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulicheza kwetu tukatunzwa soda vuguvugu na karatasi ya ratiba yenye jina la Baba lililokosewa.

Basi mchezo ukaanza. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kikapu cha mashuka, maana sikupewa ruhusa ya kutoka kazini. Baba amesimama na upanga, sauti bado ni ile ile. Nicasio mwoka mikate, kapteni wa Wakristo, yuko mbele ya jukwaa, juu ya farasi wa kukodi. Katikati ya maneno ya Baba, mgeni mmoja akapanda jukwaani, tumbo wazi, kaptura ya kuogelea inachuruzika maji. Akavua kofia yake akaitundika kwenye mshale wa kifuani mwa Mtakatifu Sebastiani. Taulo akalitundika kwenye mshale wa pajani. Kisha akamkumbatia mtakatifu shingoni, na mkewe akapiga picha.

Watu wakacheka. Sisemi wageni, wao hawajui. Diwani alicheka. Nicasio alicheka mpaka akashika tandiko. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza kama kikapu nilichokishika, na hilo nalo linanichukiza.

Baba alinyamaza pia. Nicasio akadhani amechoka.

"Haya, Mzee Crisanto, malizia. Nipe mtakatifu wangu twende zetu, farasi huyu anataka kukojoa."

"Mtakatifu wako?"

"Wa nani tena? Si sisi ndio Wakristo?"

"Sisi Wamoro tumekaa naye tangu enzi za babu wa babu zangu, na hakuna Mmoro aliyemgusa hata kwa kidole kibaya. Nyinyi wenyewe mmemfanya kigingi cha kofia, na mnacheka. Simtoi."

"Acha utani, mzee. Mchezo unasema unashindwa."

"Nimeshindwa miaka arobaini na mmoja mfululizo, Nicasio. Leo sishindwi."

Nyuma ya umati Bibi Virtudes, yule mwuza tini, akapaza sauti: "Usimpe, Crisanto! Hata mikate yake huwa mibichi!" Hapo ndipo kijiji kikacheka kicheko cha haki. Wageni wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Gonzalo akawa anakimbia huku na huku akipunga karatasi: "Lakini kusalimu amri kumo kwenye ratiba!"

Baba akaitoa ile kofia, akalitoa taulo, akalikunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe bila neno. Kisha akawaita Wamoro wake. Wanaume wanne wakamwinua mtakatifu, Ginés akiwa mmoja wao na goti lake lile lile, wakapanda naye mlima hadi hapa nyumbani. Nikatupa kikapu nikawafuata.

Kwa hiyo mtakatifu yuko jikoni kwetu, kati ya jokofu na mtungi wa zeituni. Padri Anselmo alikuja kumchukua, akanywa kahawa mbili, akamtazama, akasema paa la kanisa linavuja na si vibaya akikaa kidogo. Jumatatu akaja Nicasio na mkate kwapani, macho chini.

"Nilicheka, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mtakatifu simtoi."

Lakini Baba si mpumbavu, na halmashauri nao si wapumbavu. Wameleta barua. Baba amekubaliana nao kwamba atasalimu amri siku yenyewe, Januari ishirini, mbele ya kanisa, kwenye baridi, bila bwawa. Nao wameandika kwamba siku hiyo nyumba yetu isipotoa mtu wa kuyatamka maneno yote, nafasi ya Mfalme inapewa hoteli kuanzia hapo, na upanga unakwenda kwa Paco. Mfikirie Paco akitikisa kiuno na upanga wa babu yetu.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Juzi mchana nilitoka kazini mapema nikamkuta Baba amesimama mbele ya mtakatifu, mkono juu ya upanga, anayasema maneno ya kusalimu amri. Nilitaka kutoka, kama nilivyofundishwa. Akafika kwenye "mlango huu ninaufungua kwa mkono wangu," akasimama. Akaanza upya. Akafika pale pale, akasimama. Mara ya tatu akageuka akaniona.

"Fuensanta, yamenikimbia," akaniambia. "Tangu mwaka juzi. Mwaka jana nilinung'unika tu, upepo ukanisaidia."

"Kwa hiyo siku ile hotelini..."

"Ile kofia ilinikasirisha kweli, usidhani nilidanganya. Lakini hata bila kofia ningesimama pale kama gogo."

Sijawahi kumwona Baba ameona haya, Eladio. Nilimkalisha, nikamchemshia maziwa. Nikamwambia anifundishe yale anayokumbuka, mimi nitayashika. Akafikiri sana, kisha akaufunga mlango wa jikoni, nikiwa ndani safari hii. Akanifundisha mpaka kwenye ule mlango unaofunguliwa kwa mkono. Nikamwuliza, na baada ya hapo?

"Nusu ya pili iko Winnipeg," akasema, "inakaanga viazi."

Nitakuambia ukweli, maana mimi ni dada yako na sina haja ya kukubembeleza. Nimekuchukia miaka kumi na moja. Uliondoka mkesha wa sikukuu bila kuaga, ukamwacha Baba asimame mnarani na upande wa kulia, mahali pa mrithi, ukiwa mtupu, kila mtu akitazama. Ulisema umechoka na kijiji cha watu wanaocheza kushindwa. Nilikuona mchafu kuliko hao wanaozima sigara ndani ya tikiti, kwa sababu wao hawajui wanachokiharibu, na wewe ulijua. Hasira hiyo bado ninayo. Sijamaliza kuifua.

Lakini kichwani mwako kuna maneno ambayo hayako mahali pengine popote duniani. Nilifikiri nikuombe uniandikie, nikamwuliza Baba. Akasema hayaandikwi, hayasemwi kwenye simu, hupita kwa mdomo na sikio, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia basi yatakufa. Akasema na yafe, kuliko yafike kwa njia ya posta kama bili ya umeme.

Kwa hiyo usiniandikie. Njoo. Njoo kabla ya Januari ishirini, umnong'oneze Baba yale ambayo yeye mwenyewe alikunong'oneza, halafu usimame kuliani kwake. Ukitaka kurudi kwenye theluji yako siku ya pili, rudi. Ila kabla ya kurudi, utaufunga mlango wa jikoni uniambie na mimi. Nusu ya kwanza ninayo tayari, na safari hii sitoki nje kuchuma ndimu.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Hapana, nadanganya. Anajua. Yuko hapa mezani tangu asubuhi anamenya lozi zile zile.

Ginés anakusalimu sana. Bibi Virtudes anauliza kama huko kuna tini, nikamwambia hakuna, akakuonea huruma. Nicasio anakusalimu, bado ana aibu, na mikate yake imeanza kuiva. Wabusu Teo na Inesita kwa niaba ya shangazi yao, na umwambie Colleen kitanda chenu kimetandikwa kwa mashuka ambayo hayajagusa hoteli.

Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake, na Mtakatifu Sebastiani, ambaye kwa sasa ananuka kitunguu saumu chetu, awaombee.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Fuensanta.

N.B. Baba ameichukua barua akaisoma yote, kwa miwani yangu. Hakubadilisha kitu. Anasema niongeze moja tu: ukija, usivae kofia.